Kusema "Amekosekana" kwa Kiitaliano

Ninyi mnaojifunza Kiitaliano kwenye simu, mkikaa kwenye ngazi za ukumbi wa parokia kwa sababu ndipo mtandao unaposhika, mmeniomba niwaandikie jinsi nilivyofundisha lugha hiyo hapa Kindu miaka yote ile. Mnataka kwenda kuwa wauguzi, au mapadri, au chochote kitakachowatoa hapa. Siwalaumu. Mmeniambia mnakwama mahali pamoja: lini mtumie essere, yaani kuwa, na lini mtumie avere, yaani kuwa na kitu. Mimi pia nilikwama hapo. Tofauti ni kwamba kukwama kwangu kulimfanya binti mmoja wa mji huu amlilie baba yake kama marehemu, wakati baba mwenyewe yuko nyumbani anakula wali na sombe, yale majani ya mihogo, na kuuliza kwa nini mtoto wake haji. Kanuni nitawapa. Ila sitawapa kanuni peke yake.

Nilipoanza kazi nilikuwa kijana mwenye lisansi, yaani shahada, ya Kifaransa na woga wa kila kitu. Nilikuwa mtu wa kufunga kufuli, kutembea hatua hamsini, kurudi kuitazama kufuli. Nikimsalimia mkubwa asubuhi, nilishinda mchana kutwa nikijiuliza kama nilimwinamia vya kutosha au kama nilizidisha akaona namcheka. Misheni ilitafuta mtu wa kuwafundisha Kiitaliano vijana waliokuwa wakipelekwa kusoma Italia. Mimi sikujua Kiitaliano. Nilisema nakijua kidogo, kisha nikaenda kwa Fratello Oreste kuomba anifundishe kabla hawajagundua.

Fratello Oreste alikuwa bruda wa misheni, fundi wa magari na jenereta. Kindu alikuwa amekaa muda mrefu kuliko wengi wetu tuliozaliwa hapa. Hakuwahi kufungua kitabu cha sarufi mbele yangu. Alinifundisha akiwa chini ya gari, miguu tu ikionekana, na nikikosea aligonga bomba la moshi kwa spana. Siku nilipomwomba kanuni ya hivyo vitenzi viwili, alitoka chini ya gari akiwa ameshika nati.

"Usiulize kanuni," alisema kwa Kiswahili chake. "Uliza hivi: kazi ikiisha, nani njo amebadilika? Iko wewe, ao iko kitu?"

Akaifungua nati nyingine mbele yangu. "Mimi nimeifungua. Imebadilika yeye, mimi niko vilevile. Weka avere." Akaiachia ile ya mkononi ikaanguka sakafuni. "Sasa imeanguka. Hakuna kitu ingine imebadilika, ni yeye mwenyewe. Weka essere."

Kuzaliwa, kufika, kuzeeka, kuondoka, kufa: essere. Kula, kununua, kuvunja, kuandika: avere. Nilifurahi, nikarudi nyumbani, na njiani nikaiharibu furaha hiyo kwa kufikiri. Kesho yake nikamwambia: "Fratello, na kutembea? Nikitembea, miguu yangu inachoka, mimi ndiye ninayebadilika. Lakini vitabu vinasema camminare inachukua avere."

"Kwa sababu umetembea tu," alijibu kutoka chini ya gari. "Bado hujafika."

Mpaka leo sijapata maelezo bora kuliko hayo.

Sasa sikilizeni kwa nini sisi wa hapa tunakosea kuliko wengine. Kiswahili hakina kitenzi kimoja kama avere. Tunasema niko na njaa, niko na mtoto, niko na miaka ishirini. Vyote ni kuwa, tunaongeza "na" tu. Halafu shule imetupa Kifaransa chenye avoir na être, tukadhani tumeokoka, kwa sababu Kiitaliano kinafanana nacho kama ndugu. Ndugu huyo ndiye anayewadanganya. Mfaransa anasema j'ai été, Mwitaliano anasema sono stato. Mfaransa anasema il a disparu, Mwitaliano anasema è scomparso. Mfaransa anasema nous avons fui, Mwitaliano anasema siamo fuggiti. Nilikuwapo, alitoweka, tulikimbia: sentensi tatu zinazotosha kuandika habari zetu zote za miaka ile, na zote tatu Mfaransa anazipa kuwa na, Mwitaliano anazipa kuwa.

Niliwapigia wanafunzi kelele juu ya essere mpaka wakaiweka hata pasipo mahali pake. Mtawa mmoja mdogo, siku ya kwanza kufika Italia, mwezi wa joto kali, alitaka kusema anasikia joto. Ni ho caldo, kwa avere. Yeye, kwa kuniogopa, akasema sono calda mezani mbele ya mapadri wanne. Maana yake si kwamba hali ya hewa ni mbaya. Maana yake ni kwamba yeye mwenyewe anawaka tamaa. Aliniandikia: "Mwalimu, wamecheka mpaka mmoja ametoka nje. Nani atanieleza nimesema nini?"

Na kulikuwa na mseminari kutoka Punia, mrefu, mwenye sauti nzito. Nilipougua, watawa wa kike walinishikia darasa mwezi mzima. Mnajua kwamba ukitumia essere, neno linalofuata linabadilika: mwanaume aliyekwenda ni andato, mwanamke ni andata. Yeye alikariri kila sentensi kama ilivyotoka vinywani mwa watawa. Akafika Roma akijitambulisha kwa sauti ile nzito: nimezaliwa Punia mimi mwanamke, nimefika jana mimi mwanamke. Wenzake walimwita signorina, yaani binti, miaka miwili. Nilipoambiwa nilicheka siku nzima, kisha nikakesha nikijilaumu.

Haya yalikuwa makosa ya kuchekesha. Lile ambalo silicheki lilihusu familia ya papa Sumaili, papa kwetu ni baba.

Papa Sumaili alikuwa fundi cherehani, Mwislamu wa zile familia za zamani za mji, mtu wa swala tano na kofia iliyofuliwa vizuri. Mke wake, mama Josefina, alikuwa Mkristo. Binti yao Apolina alifuata dini ya mama, kisha akataka kuwa mtawa. Ndugu za papa Sumaili walimwambia anaitupa damu yake kwa wazungu. Baba alikubali hata hivyo. Alimshonea mwenyewe nguo za safari. Apolina alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa la kwanza kabisa, na aliyekuwa bora. Siku ya kuondoka kwake nilikuwapo. Papa Sumaili alimwambia jambo moja tu: "Siku utasikia mimi ni mugonjwa ao nimepotea, uje. Hata kama wakubwa yako wanakatala, uje." Apolina akasema atakuja.

Vita ikaja. Reli ikakatika, mto ukafungwa, barua zikafa. Kilichobaki misheni kilikuwa foni, redio ya kuzungumzia, inayotumia betri za jua. Kila asubuhi, kwa dakika chache, padri mmoja mzee wa Kiitaliano aliyekuwa Bujumbura alituitikia, akaandika ujumbe wetu na kuupeleka kwa faksi Italia. Hakujua Kiswahili wala Kifaransa. Betri zilikuwa zimechoka, kwa hiyo ujumbe haukuzidi maneno kumi. Kazi ya kuandaa maneno hayo na kuyasoma hewani nilipewa mimi.

Siku risasi zilipolia upande wa uwanja wa ndege, watu walikimbilia barabara ya Kalima. Papa Sumaili na mama Josefina walikimbia pamoja. Penye kivuko cha mti mmoja juu ya maji, watu wakasukumana, na upande wa pili mama hakumwona mumewe tena. Mama alirudi mjini baada ya wiki mbili. Akangoja nyingine tatu. Wakati huohuo Apolina alikuwa ameleta swali kupitia foni: amesikia mji umekimbiwa, mkuu wake amempa ruhusa ya kuja kuwatafuta wazazi, au abaki afunge nadhiri zake za daima, tumjibu upesi habari za nyumbani. Mnaona basi uzito wa ujumbe ule. Kwa maneno yetu kumi, ama angekuja ama asingekuja.

Mama Josefina hakujua kusoma wala kuandika. Alisimama mlangoni mwa chumba cha foni, akaniambia: "Umuambie hivi, mwalimu: baba yake amekosekana. Mimi niko muzima. Aombe."

Amekosekana. Hapa kwetu kila mtu alijua maana yake miaka ile. Si kwamba amekufa. Ni kwamba hayupo machoni, na hatuthubutu kuongeza neno. Niliondoka na neno hilo nikalipima kama dhahabu. Kukosekana, kwa Kifaransa manquer, kwa Kiitaliano mancare. Hapo nikakwama, tena mahali palepale mnapokwama ninyi: mancare inachukua essere au avere? Niliandika ha mancato, nikafuta. Niliandika è mancato, nikafuta. Niliogopa Waitaliano wataniona mjinga hewani. Nilikwenda mpaka kitandani kwa Fratello Oreste, aliyekuwa na malaria siku ya tatu, macho yamefumbwa, kitambaa kichwani.

"Fratello, mancare. Essere au avere?"

Hakufungua macho. "Kama mtu ameacha kazi yake, avere. Kama ni yeye mwenyewe hayuko, essere."

"Basi è mancato."

"È mancato," alisema, akageukia ukutani.

Nilitoka nikiwa na furaha. Wanangu, nilikuwa nimepata kitenzi saidizi sahihi. Sikumwambia ni habari za nani. Sikumwuliza mtu wa kule akiyasikia maneno hayo ataelewa nini. Kesho yake nilisoma hewani: Papa Sumaili è mancato, mama Josefina yuko mzima, ombeni. Padri wa Bujumbura aliuliza: "Tangu lini?" Nikajibu: "Wiki tano." Akasema: "Poleni sana." Nikaona ni mtu mwenye huruma.

Baada ya miezi mitatu papa Sumaili alitokea. Alikuja kwa miguu kwa kufuata njia ya reli, miguu imevimba, kofia haipo, ndevu nyeupe zimemfika kifuani. Alikuwa amekaa mashambani kwa watu wasiomjua, amelishwa mihogo, ameshona nguo zao kwa sindano ya mkono. Mji mzima ulikwenda kumtazama. Mama Josefina alikuja kwangu mbio, hajavaa viatu. "Mwalimu, umuambie Apolina baba amerudia nyumbani."

Hilo lilikuwa rahisi. Kurudi ni essere bila shaka. Nikasoma hewani: Papa Sumaili è tornato a casa. Nikaongeza kwa furaha: tumshukuru Bwana. Siku ya tatu likaja jibu kutoka kwa watawa wa Italia: jumuiya iko karibu na familia, misa imesomwa, sista Apolina ametulia. Nililitafsiri mbele ya papa Sumaili, uani kwake, mbele ya cherehani yake iliyokuwa imeibwa kichwa na kubaki meza.

"Wamenisomea misa, mimi Mwislamu," alisema akicheka. "Iko muzuri. Mungu ni mumoja. Na yeye anakuja lini?"

"Hawajasema, papa. Atakuja tu."

Wiki ileile wenye bunduki waliichukua foni pamoja na betri. Hatukuwa na njia tena.

Papa Sumaili alianza kungoja. Kila ndege ya mizigo ilipotua, alivaa vizuri akaenda kusimama penye uzio wa uwanja. Alirudi, akapita kwangu. "Mwalimu, ulisema muzuri kwenye foni?" "Nilisema vizuri, papa." "Alisikia nimerudia?" "Alisikia. Misa ilisomwa, si unakumbuka?" Ndugu zake hawakumwonea huruma. Mmoja alimwambia mbele yangu, msikitini, watu wakitoka: "Tulikuambia. Ulitoa mutoto kwa wazungu, sasa iko mutoto ya wazungu." Yeye aliivuta kofia yake mpya mbele kidogo.

Karibu mwaka ulipita. Siku moja ndege ilileta vipuri vya jenereta, na Fratello Oreste aliniita nimsaidie kufungua sanduku. Kila kipuri kilikuwa kimefungwa kwa kurasa za magazeti ya zamani ya Kiitaliano. Mimi sikuacha kurasa zipite bila kuzisoma. Zilikuwa vitabu vyangu. Nikanyoosha moja. Ilikuwa ukurasa wa picha ndogondogo za watu, na misalaba. Chini ya kila picha: è mancato, è mancata, è mancato. Ameondoka katika upendo wa jamaa zake. Mazishi kesho. Na chini, mzee mmoja mwenye miwani: è tornato alla casa del Padre. Amerudi nyumbani kwa Baba.

Nilisoma nikiwa nimesimama. Fratello aliniuliza kama nimejikata mkono.

Basi hayo ndiyo tuliyomwambia Apolina. Kwanza: baba yako amefariki, hakuna wa kutafutwa tena, baki. Kisha, baada ya miezi: baba yako amerudi kwa Mungu, tunashukuru. Sarufi yote ilikuwa sahihi. Essere mahali pake, mwisho wa neno mahali pake. Ningekosea kitenzi saidizi, huenda yule padri wa Bujumbura angesema sikuelewi, rudia.

Ngojeni, msinihurumie, maana sijafika. Nilikuwa na ukurasa ule mfukoni na papa Sumaili alikuwa hai, anaishi mitaa miwili kutoka kwangu. Njia ya kumfikia Apolina haikuwapo, hiyo ni kweli. Barua tulizotuma kwa marubani hazikufika. Na zake, alitueleza baadaye, zililala zote katika mfuko mmoja Bujumbura. Lakini njia ya kumfikia papa Sumaili ilikuwapo. Ningetembea dakika kumi, niseme: papa, mtoto hajakusahau, mtoto anadhani umekufa, na kosa ni langu. Nilikwenda. Mnajua nilivyo. Njiani nilifikiri: atawaambia ndugu zake, nao watakuja misheni. Nikafikiri: misheni itaniachisha kazi. Nikafikiri: habari kwamba binti yake anamlilia kama maiti itamuumiza kuliko kungoja. Hilo la mwisho nililipenda sana, kwa sababu lilifanana na huruma. Nilimkuta ameketi, anaweka viraka kwenye suruali ya mtu kwa mkono.

"Mwalimu, iko habari?"

"Hakuna, papa. Njia bado zimefungwa."

"Si njia," alisema. "Mutu akitaka anakuja. Amenisahau, basi."

Nilikaa naye kidogo tukazungumza bei ya nyuzi.

Aliishi mwaka mmoja na nusu tangu siku hiyo. Alikufa kwa homa, mwezi wa Ramadani, baada ya siku nne kitandani. Mama Josefina alinieleza kwamba alipoulizwa kama ana neno la kumwachia Apolina, alisema: "Neno gani? Yeye anajua njia ya nyumba." Fratello Oreste alimfuata miezi michache baadaye. Tulimzika misheni, spana yake mmoja wa mafundi akaichukua.

Apolina alikuja vita ilipotulia na ndege za abiria zilipoanza tena. Alikuwa mwanamke mzima, kajaa, Kiswahili chake kimepata kigugumizi. Aliomba kuona kaburi la baba. Mama Josefina alinipitia tukaenda watatu, kwa sababu mama alisema mwalimu aje, ndiye wa maneno.

Apolina alipiga magoti, akagusa udongo. Kisha akasema: "Mama, kaburi hii iko mupya."

"Ndiyo mupya. Ramadani ilipita."

"Ramadani gani?"

"Hii ya juzi, mama. Alikufa mbele ya macho yangu. Alikungojea wee."

Apolina alifungua mfuko wake akatoa karatasi mbili za faksi zilizopauka. Alizihifadhi kama watu wanavyohifadhi picha. Alinipa mimi, si mama. Niliyaona maneno yangu, kila moja. Akaniuliza kwa Kiitaliano, kwa utulivu ambao sijausahau, nani aliandika hivi.

Nikasema: "Fratello Oreste ndiye aliyekuwa akiandika ujumbe. Alikuwa mgonjwa. Sijui ilikuwaje."

Hakuna aliyenilazimisha. Ilitoka kama sentensi niliyoikariri. Mtu aliyenifundisha kila kitu alikuwa ardhini, hawezi kugonga bomba kwa spana.

Apolina alitikisa kichwa. "Nilijua haiwezi kuwa wewe, mwalimu," alisema. "Wewe ulitufundisha kupima kila neno."

Mama Josefina alikuwa amesimama kando yangu. Yeye ndiye aliyesimama mlangoni mwa chumba cha foni. Yeye ndiye aliyenipa neno amekosekana kwa kinywa chake, akaniona nikiondoka nalo. Kiitaliano hakukijua, lakini "nani aliandika" aliielewa kwa kuitazama karatasi mkononi mwangu, na jina la Fratello alilisikia wazi. Alinitazama. Kisha akajifunga kitenge upya, akasema jua limekuwa kali, turudi.

Miezi ikapita kabla sijathubutu kumwuliza. Nilikuwa nimekwenda kumwandikia barua kwa Apolina, kama nilivyofanya kila mwezi. "Mama, siku ile kaburini ulinyamaza."

"Ningesema nini? Ningesema, ungekimbia. Halafu nani angeniandikia mutoto wangu?" Akavuta kiti. "Andika. Anza na salamu."

Nikaandika. Nimeandika barua hizo miaka mingi sana, kwa mwandiko mzuri, kila kitenzi mahali pake, na mama huyo akinisemesha kwa adabu kama mtu anayezungumza na chombo anachokihitaji.

Kazi yenyewe iliisha bila sherehe. Walioniajiri walipungua, wanafunzi wakaacha kuja, chumba cha darasa kimejaa saruji ya mfanyabiashara mmoja wa Kampene. Ninyi mna simu inayowapigia kengele mkipatia jibu. Simu hiyo itawaambia kwamba mancare inachukua essere. Itawapa alama. Haitawauliza mnataka kumwambia nani, habari gani, na yeye akishaisikia atafanya nini. Kwa hiyo chukueni kanuni zangu, ndizo hizi nilizonunua kwa maisha ya watu wengine. Habari ya uhai na kifo msiisemee kwa neno laini. Semeni kama mtoto: hatujui alipo. Yuko hai, nimemwona, amekula. Mkisoma ujumbe, mwambieni anayepokea awarudishie kwa maneno yake, si yenu. Na mkimwuliza anayejua zaidi, msimfiche swali lenyewe kwa kumuuliza swali dogo. Mimi nilimwuliza mgonjwa kuhusu kitenzi saidizi kwa sababu niliona aibu kumuuliza kuhusu mtu.

Mwaka huu mjukuu mmoja wa ukoo wa mama Josefina alimletea simu, akamwonyesha jinsi ya kushika alama na kusema, sauti ikaenda mpaka Italia. Mama ni mzee sana sasa, lakini kidole chake kina nguvu. Hakunihitaji tena. Naambiwa ujumbe wake wa kwanza kwa binti yake ulikuwa wa salamu, na wa pili ulikuwa juu yangu.

Siku kumi na moja zilizopita Apolina aliniandikia. Hakuandika Kiitaliano. Aliandika Kiswahili cha Kindu, kile cha nyumbani kwao: "Mwalimu, mama ameniambia njo wewe uliandika, siyo Fratello. Kosa la kuandika niliisha kulisamehe zamani, sikujua tu namusamehe nani. Niko na ulizo moja. Wakati baba alikuwa anasema nimemusahau, ulikuwa unajua?"

Nilimjibu kwanza kwa Kiitaliano. Ni lugha yenye mahali pengi pa kujificha mtu kama mimi. Avrei dovuto, ningalipaswa. Sarei venuto, ningalikuja. Ukurasa mzima, essere na avere vikipokezana bila kosa hata moja. Nikaufuta. Nikaandika mwingine wa Kifaransa, mfupi kidogo, wenye hali ya vita na njia zilizofungwa. Nikaufuta huo pia. Siku kumi na moja.

Leo asubuhi nimemwandikia kwa Kiswahili: "Nilijua." Nimeituma kabla ya kuisoma mara ya pili. Ameshaiona. Hajajibu, na sioni kwa nini ajibu.

Mnaweza kuja kesho na madaftari yenu, mlango wangu hauna kufuli siku hizi. Lakini mje mkijua mnamwuliza nani.